Wiki bila hamira: Pasaka katika jiko la Kihesa

Anayetaka kushika wiki ya mikate isiyotiwa chachu akiwa Kihesa hatasumbuliwa na ugali. Mchana na usiku meza ya Iringa karibu haina chachu: ugali wa mahindi, maharage, majani ya maboga, viazi mviringo, kande, ndizi za Tukuyu, wali wa Kyela au wa Mbarali. Kazi iko asubuhi. Chai hunywewa na maandazi, skonzi, vitumbua, chapati au mkate wa slesi, na kati ya hivyo vyote ni chapati peke yake inayoweza kusalimika, tena kwa masharti. Kwa hiyo mwenye nyumba anayepanga wiki hiyo na aanze na kifungua kinywa. Akishakitatua hicho, sehemu kubwa ya safari imekwisha.

Mwongozo huu unazihusu nyumba za aina mbili. Za kwanza ni za Wakristo wanaoshika Sabato pamoja na sikukuu zilizoorodheshwa katika Walawi sura ya 23, ambao huondoa chachu nyumbani kwa siku saba. Za pili ni za Wayahudi, au nyumba zinazompokea mgeni Myahudi katika majuma hayo: mwanafunzi, daktari wa kujitolea, mkwe. Wayahudi ni wachache nchini Tanzania, na jumuiya yao inayojulikana zaidi iko Arusha, lakini mgeni mmoja mezani anatosha kumfanya mpishi atake kujua cha kufanya.

Mkate wenyewe si mgeni Iringa. Hostia ya Misa ya Kikatoliki ni unga wa ngano na maji tu, bila chachu. Waadventista Wasabato hawashiki wiki ya Pasaka, ila mkate wa Meza ya Bwana kwao pia huokwa bila chachu, na huambatana na maji ya zabibu yasiyochacha. Anayeujua mkate huo kanisani tayari anajua nusu ya ufundi. Kinachobaki ni kuufanya uwe chakula cha kushibisha nyumba nzima kwa siku saba, watoto wakiwemo.

Kabla ya kununua kilo moja ya unga, nyumba ikubaliane kuhusu kanuni yake. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu neno chachu lina mipaka tofauti kwa watu tofauti.

Kwa Wakristo wengi wanaoshika sikukuu hiyo, kinachoondolewa ni hamira, beking pauda na bikaboneti, pamoja na kila kilichoumuliwa kwa vitu hivyo: mikate, maandazi, keki, biskuti nyingi. Unga wenyewe hauna kosa.

Sheria ya Kiyahudi inakwenda kwa njia nyingine. Inazitazama nafaka tano: ngano, shayiri, rai, shayiri ya oti na spelti, ambayo ni jamaa ya ngano. Unga wa nafaka hizo ukiguswa na maji, una dakika 18 tu za kukandwa, kusukumwa na kuingia motoni. Ukipitisha muda huo umeshahesabiwa kuwa umechacha, hata kama hamira haikuonekana karibu yake. Wanazuoni wa kale walikipata kipimo hicho kwa muda wa mtu kutembea maili moja ya zama zao. Kanuni ina mantiki ya jikoni pia, maana unga wa ngano huwa na vijidudu vyake vya asili vya kuchachusha, na donge likiachwa kwenye bakuli litaanza kuumuka lenyewe polepole. Baridi ya Iringa inachelewesha jambo hilo, lakini haibadilishi hesabu ya dakika 18.

Chapati inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Unga, maji ya moto, chumvi na mafuta: kwa nyumba ya aina ya kwanza, chapati ya kusukuma ni mkate usiotiwa chachu, na inaweza kuliwa wiki nzima. Kwa nyumba ya aina ya pili, donge likishafunikwa kitambaa nusu saa lipumzike, kama mpishi yeyote mzuri wa chapati anavyofanya, mkate huo umetoka katika Pasaka.

Kuna jambo la tatu. Wayahudi wa asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, wanaoitwa Ashkenazi, kwa karne nyingi waliacha pia mchele, mahindi, maharage na ulezi katika wiki hiyo, kwa hofu ya kuchanganyika na ngano. Wasefaradi, ambao mapokeo yao yanatokana na Hispania na nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, wengi wao huzila nafaka na kunde hizo kwa sehemu au zote. Mwaka 2015 kamati ya sheria ya mkondo wa Conservative huko Marekani iliwaruhusu Waashkenazi wa mkondo huo kuzila. Mwenyeji wa Kihesa asibuni jibu. Amuulize mgeni wake swali moja tu: “Wewe mchele na maharage unakula?” Jibu la hapana lina maana kwamba wiki hiyo itasimama juu ya viazi, ndizi, mayai, nyama, samaki na mboga, na Nyanda za Juu Kusini hazina upungufu wa hata kimoja kati ya hivyo.

Usafi unakuja mbele ya mapishi. Pakti ya hamira iliyoanzwa, kopo la beking pauda, mfuko wa biskuti, makombo kwenye droo ya visu na chini ya meza ya kusukumia: vyote vitoke. Wayahudi hupekua nyumba usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya maandalizi, wakiwa na mshumaa, na kuteketeza mabaki asubuhi. Vyakula vilivyo kamili ni vema vigawiwe kwa majirani siku chache mapema, kabla havijawa mzigo.

Chachu na ngano hujificha pasipotarajiwa. Unga wa lishe wa uji wa watoto mara nyingi ni mchanganyiko wa mahindi, soya, ulezi, karanga na pengine ngano, kwa hiyo usome mfuko. Tambi na spageti ni ngano. Sosi ya soya kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Milo ina kimea cha shayiri, na bia za chupa zinazotokana na shayiri zinaingia moja kwa moja katika katazo. Baadhi ya viungo vya pakiti vya mchuzi vimetiwa unga wa kuzidishia uzito, nao unaweza kuwa wa ngano. Hata mashine ya kusaga ina neno: mashine nyingi za mtaani husaga kila nafaka inayoletwa, kwa hiyo mwenye kupeleka mahindi ya wiki ya Pasaka amuombe mwendeshaji aisafishe kwanza, au awahi asubuhi kabla ngano haijapita.

Na vinywaji vya kwetu? Togwa na komoni hutengenezwa kwa mahindi na kimea cha ulezi. Havina hata moja kati ya zile nafaka tano, lakini vimechachushwa, na nyumba inayoondoa kila chachu itaviacha. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi na hauna nafaka kabisa. Kwa sheria ya Kiyahudi uchachu wake si kosa, kama usivyo kosa uchachu wa mvinyo wa zabibu. Kwa Mkristo anayetaka kuepuka kila kilichochacha, mtogwa wa siku ileile, ule mtamu, ndio ulio karibu na moyo wake, ingawa nao huanza kuchacha upesi sana na mkangafu, ulanzi uliokwisha kuwa mkali, hauko mbali. Msimu wa ulanzi ni wa mvua, kwa hiyo unakutana na Pasaka karibu kila mwaka, na swali hili litaulizwa tu.

Mtindi nao. Sheria ya Wayahudi wengi inauruhusu. Beta Israel, Wayahudi wa Ethiopia, walikuwa wakiyaacha hata maziwa yaliyoganda wakati wa Pasaka, na walikula mkate wao mwembamba uitwao kita. Nyumba inayotaka ukali wa namna hiyo ina mfano wa kale wa kuufuata hapa hapa Afrika Mashariki.

Sasa mkate.

Kwa mikate sita chukua vikombe viwili vya unga wa ngano na maji safi ya baridi nusu kikombe, na mengine kidogo pembeni ya kuongeza kwa kijiko. Unga uwe mkavu na usiwe ule uliokwisha kuchanganywa na beking pauda kiwandani. Wa atta unafaa na una ladha zaidi. Mweupe unasukumika kwa wepesi. Kikaango kizito cha chuma kiwe kimeshapata moto kabla maji hayajagusa unga, na saa ya simu iwashwe maji yanapomiminwa. Kanda kwa nguvu dakika tatu, hadi donge lishikamane na kuacha bakuli safi. Kata mafungu sita. Sukuma fungu moja mpaka liwe jembamba kuliko chapati, kadiri kwamba vidole vinaanza kuonekana upande wa pili, kisha lichome kwa uma kila mahali ili mvuke usiliumue. Litie kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, dakika moja kila upande, hadi madoadoa ya kahawia yatokee.

Kazi hii inataka watu wawili, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuchoma, na hilo ndilo jambo ambalo anayeanza huwa halijui. Mtu mmoja akijaribu kufanya yote, mkate wa sita utafika motoni muda umekwisha. Anayehitaji mikate kumi na miwili asikande donge kubwa. Afanye duru mbili, na katikati anawe mikono, afute kibao na mti wa kusukumia mpaka vikauke.

Mkate ukitoka kikaangoni ni laini, na siku hiyo huliwa hivyo. Mkate huu usiotiwa chachu Wayahudi huuita matza, na wale wa Yemen wana matza laini ya namna hii, inayokunjika kama chapati, kwa hiyo mpishi wa Kihesa asidhani kwamba matza halisi ni ile ngumu ya boksi tu. Anayetaka ngumu ya kuhifadhi aiingize tena kwenye oveni ya moto mkali, au kwenye sufuria pana iliyopaliwa makaa juu ya mfuniko na machache chini, kama inavyookwa keki ya nyumbani, dakika tano hadi nane mpaka ikauke na kuvunjika kwa mlio. Ikipoa iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Unyevunyevu wa masika utailainisha siku ya tatu au ya nne, na dawa yake ni kuirudisha kwenye kikaango kikavu.

Chumvi na mafuta? Nyumba ya Kikristo inaweza kuvitia, na kijiko kimoja cha mafuta huufanya mkate uwe mwororo zaidi. Mkate wa usiku wa kwanza wa Wayahudi ni unga na maji peke yake. Na lazima isemwe wazi kwamba Myahudi anayeshika sheria kwa ukamilifu hataridhika na unga wa dukani, kwa sababu viwanda huilowesha ngano kwa maji kidogo kabla ya kuisaga. Mgeni wa namna hiyo ataleta matza yake iliyosimamiwa, na mwenyeji asihuzunike. Atamkaribisha kwa vyakula vingine, kwa vyombo atakavyoelekeza mgeni mwenyewe.

Matza ikishapatikana, ivunje kiasi na uitwange kwenye kinu au uisage kwa blenda. Ungaunga huu ndio unaofungua jiko. Chekecha: chenga kubwa ni za kupakia vyakula vya kukaanga, na laini ni za kufungia na kuzidishia uzito. Katlesi za nyama na viazi ambazo huchovywa kwenye yai na chembe za mkate, wiki hii zichovywe kwenye yai na chenga za matza. Samaki kutoka Mtera vivyo hivyo. Ganda lake ni gumu na kavu kuliko la mkate wa slesi, na kwa kweli ni bora.

Kwa supu ya kuku wa kienyeji kuna vibonge vya matza, chakula maarufu cha Pasaka cha Waashkenazi ambacho kinaafikiana vizuri na jioni ya baridi ya Iringa. Piga mayai mawili na vijiko viwili vya mafuta, ongeza nusu kikombe cha ungaunga wa matza, chumvi, pilipili manga na vijiko viwili vya supu yenyewe. Funika, acha nusu saa ili unga unywe maji. Lowesha viganja, finyanga vibonge vidogo kama ndimu, tia kwenye maji ya chumvi yanayochemka, funika na usifunuefunue kwa dakika arobaini. Halafu vihamishie kwenye supu. Iringa Mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwa nyuzi joto zipatazo 95 badala ya 100. Maelezo ya vitabu vya nchi za tambarare yanayosema dakika 25 hayatoshi huku, kama ambavyo maharage nayo hayaivi kwa muda wa Dar es Salaam.

Turudi asubuhi. Chakula kinachoziba pengo la maandazi kwa haraka zaidi ni matza ya mayai. Vunja matza mbili vipande vya ukubwa wa nusu kiganja, vimwagie maji ya uvuguvugu, vikamue baada ya dakika moja. Piga mayai mawili au matatu na kitunguu, nyanya, hoho na chumvi, changanya na vipande vile, mimina kwenye mafuta ya moto kidogo na ugeuze mara moja. Anayekaanga chipsi mayai hahitaji kufundishwa zaidi, kwa kuwa mkono ni uleule na matza imekalia nafasi ya viazi. Nchini Uganda, ambako rolex ya chapati na mayai huuzwa karibu kila kona, umbo lile la kukunja linawezekana pia: matza laini iliyotoka motoni, mayai juu yake, nyanya mbichi, kisha kunja ikingali moto.

Siku nyingine isiwe na mkate kabisa. Viazi vitamu, magimbi na mihogo ya kuchemsha vilikuwa vitafunwa vya chai kabla hamira haijawa kitu cha kila duka. Mwezi Aprili mahindi mabichi yanapatikana Iringa, ya kuchoma na ya kuchemsha. Kwa nyumba inayokula mchele, chapati za maji za unga wa mchele hupikwa papo hapo: kikombe cha unga wa mchele, yai, maziwa au tui, sukari kidogo, hiliki. Vitumbua ndivyo visivyokubali. Bila hamira havina ule mwili wenye vinyweleo ambao mlaji anaujua, na ni afadhali kuvingoja wiki moja kuliko kuandaa vitu vizito vinavyofanana navyo.

Keki inawezekana. Mayai yanaumua bila chachu, mradi mpishi awe na subira na mkono. Piga mayai manne na nusu kikombe cha sukari juu ya bakuli la maji ya moto mpaka yazidi mara tatu na yaache alama ya mwiko juu yake. Nyunyizia robo tatu ya kikombe cha unga wa mchele uliochekechwa mara mbili, pamoja na maganda ya limau yaliyokwaruzwa, ukichanganya kwa upole kutoka chini kwenda juu ili hewa isitoke. Choma mara moja. Nyumba isiyokula mchele itumie ungaunga laini wa matza. Ni keki nyepesi, haina beking pauda hata chembe, na inastahili kubaki jikoni mwaka mzima.

Mchana kuna nafasi ya chakula cha heshima. Wayahudi wa Uturuki na wa kisiwa cha Rhodes wana mina, matza zilizopangwa tabaka kwa tabaka na nyama ya kusaga. Wayahudi hao wa Rhodes waliingia Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, wakajenga jumuiya kubwa huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na sinagogi lao lilijengwa mwaka 1930. Katika jiko la Kihesa mina inahitaji matza sita, nusu kilo ya nyama ya kusaga iliyokaangwa na kitunguu, kitunguu saumu, nyanya na binzari, viazi vinne vilivyopondwa, na mayai manne. Changanya nyama na viazi na nusu ya mayai. Lowesha matza kwa supu mpaka zilegee bila kumeguka. Paka mafuta sufuria, panga matza mbili chini, nusu ya nyama, matza mbili, nyama iliyobaki, matza mbili juu, kisha mwagia mayai yaliyosalia. Palia makaa juu ya mfuniko na uache nusu saa mpaka pawe pa dhahabu. Kata vipande vikiwa vimepoa kidogo. Kwa Myahudi pasiwekwe jibini wala siagi, kwa kuwa nyama na maziwa havikai pamoja.

Sambusa inategemea kanuni ya nyumba. Manda za unga, maji na chumvi hazina chachu, na nyumba ya Kikristo itakula bila wasiwasi. Nyumba ya Kiyahudi iiache, ichukue kachori ya viazi yenye nyama ileile ndani, iliyopakwa chenga za matza. Pilau, wali wa nazi, kande na ndizi nyama havihitaji kuguswa, isipokuwa kwa wale wasiokula mchele na kunde, ambao hapa ndizi za Rungwe zitawafaa.

Meza ya usiku wa kwanza ina vitu vyake. Kutoka sura ya 12 inataja nyama iliyochomwa, mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, na kwa mboga chungu nchi hii haina haja ya kuagiza kitu. Mchunga unajiotea wenyewe mashambani na kando ya njia. Ni mchungu kweli, na ukiliwa mbichi kidogo unatimiza kazi yake mara moja. Usichemshwe na kumwagwa maji kama inavyofanywa kwa kitoweo, maana uchungu ndio unaotakiwa. Kando yake Wayahudi huweka mseto mtamu wa matunda, njugu na kinywaji cha zabibu, unaokumbusha udongo wa matofali ya Misri. Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Uganda, huutengeneza kwa karanga, ndizi, tofaa na asali. Iringa ina vyote hivyo: matofaa ya Njombe na Makete, karanga, asali ya misitu, na zabibu za Dodoma, mkoa wa jirani.

Abayudaya wanastahili neno zaidi, kwa kuwa hadithi yao inaigusa Tanzania. Jumuiya hiyo ya wilaya ya Mbale ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, alipoamua kuishika Torati kama ilivyoandikwa. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na kwa miaka ile waliomba na kushika sikukuu kwa kificho. Majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala na kuuangusha utawala huo tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Wayahudi ilikuwa inaanza. Mwaka 2008 mmoja wa watu wa jumuiya hiyo, Gershom Sizomu, alipewa daraja la urabi huko Los Angeles, akarudi kuwaongoza wenzake. Jiko lao ni la ndizi, mahindi na maharage, na Pasaka wanaisherehekea. Familia ya Kihesa inayodhani kwamba sikukuu hii inataka vyakula vinavyoletwa kwa ndege kutoka ng'ambo itazame Mbale kwanza.

Mama lishe ana swali lake, na ni zito, maana maandazi ndiyo ada ya shule. Akiwa wa nyumba inayoshika wiki hii, asifunge banda siku saba. Viazi vitamu vya kukaanga, mihogo, mayai ya kuchemsha, chipsi, uji wa mchele na kachori vinauzika asubuhi kwenye kituo cha daladala kama andazi. Awaambie wateja wake siku chache kabla, kwa adabu, kwamba wiki ijayo hakuna vya hamira. Ajaribu kuuza kidogo siku ya kwanza aone kinachokwenda, kisha apike kwa kipimo hicho. Mafuta aliyokaangia maandazi asiyatumie. Wiki ianze na mafuta mapya.

Wanafunzi wa Mkwawa na wa Chuo Kikuu cha Iringa wanaokula kantini wana njia rahisi: wali au ugali, maharage, mboga, matunda, na matza kavu iliyotoka nyumbani ndani ya kopo. Waulize tu kama mchuzi umetiwa unga wa ngano.

Tarehe zichunguzwe mapema, kwa kuwa Pasaka hii hufuata kalenda ya mwezi ya Kiebrania na hailingani daima na Pasaka ya makanisa. Mwaka 2026 inaanza jioni ya Jumatano tarehe 1 Aprili, siku nne kabla ya Jumapili ya Pasaka. Mwaka 2027 inasogea hadi jioni ya tarehe 21 Aprili, huku Jumapili ya Pasaka ikiwa imeshapita tangu 28 Machi. Siku ni saba kwa maandiko, na Wayahudi wengi walio nje ya Israeli hushika nane. Kwa familia ya watu watano kilo nne za unga wa ngano zinatosha mkate na ungaunga wa wiki nzima, pamoja na trei mbili za mayai, kwa kuwa mayai ndiyo yatakayoisha kwanza. Nunua unga mapema, na duru ya kwanza ya mkate ijaribiwe juma moja kabla, wakati makosa bado yanaruhusiwa na andazi bado liko mezani.